Kura ya Macho ya Mama Candida

Aliyemletea Leticia habari hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa Paskalina, jirani yake wa chumba cha pili, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujua kunong'ona. Kwa hiyo habari ilipomfikia Leticia ilikuwa imeshalifikia na benchi. Benchi lenyewe lilikuwa hatua sita tu kutoka mlangoni, kwenye kona ya Mtaa wa Narung'ombe, limeegemea ukuta wa duka la vitenge, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na kila siku baada ya swala ya alasiri lilikaliwa na watu wale wale watatu, kila mmoja mahali pake, kana kwamba waliandikiwa hati. Wa kwanza ni Awadhi, aliyeitwa Waziri, kwa sababu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha umma mpaka kiwanda kilipouzwa naye akapunguzwa, na hadi leo anaongea kama vile kuna mtu anaandika kumbukumbu za kikao. Wa pili ni Abdulrazak, fundi wa deki na televisheni, jina lake la mtaani Soketi. Wa tatu ni Ignasi, muuza miwani ya mtumba, anayeipanga bidhaa yake kwenye sinia la pilau na kuzunguka nayo mjini, ndiyo maana anaitwa Dokta Sinia. Kahawa humiminwa na Abbasi, mtu wa maneno machache, na sheria ya benchi ni moja tu: asiye na kahawa kikombeni hana kauli.

Leticia alikuwa amekaa kizingitini kwenye mkeka, amewapa mgongo wanaume kama ilivyokuwa desturi yake, sari ya hariri imelala magotini. Kazi yake ilikuwa kushonea shanga kwenye pindo za sari za Bi Urmila, mwenye duka kule Mchafukoge. Miwani alikuwa ameshaivua, kama alivyoivua kila siku kabla ya kushika sindano. Akiivaa, mtaa wote anauona lakini shanga zinakuwa vumbi. Akiivua, mtaa wote unayeyuka unabaki rangi rangi, lakini akiisogeza hariri mpaka karibu iguse pua, anaweza kuhesabu nyuzi zake mmoja mmoja. Hakuna mshonaji mwingine wa Bi Urmila aliyeweza hilo, na ndilo lililompa chumba na uji wa mtoto.

– Mama Candida! – Paskalina alianza kuita tangu yuko kona ya pili. – Mama Candida, weka sindano chini! Miwani umeshaagana nayo!

Paskalina alikuwa mfagiaji katika kliniki mpya ya macho iliyokuwa ikipakwa rangi kwenye ghorofa moja huko huko Mchafukoge. Alifika anahema.

– Wanaiita leza. Ni mwanga. Unalala kitandani, unamulikwa, unaamka, unaona mpaka Kigamboni! Sasa Jumamosi wanafungua rasmi, na Bwana Mihir, msimamizi, anataka mtu mmoja atengenezwe bure. Awe na miwani nene kupita wote, apigwe picha ya gazetini, kabla na baada. Nikamwambia huyo namjua, anaishi nyumba moja na mimi. Akasema, kumbe ni yule anayemshonea shangazi yangu! Bure, Mama Candida! Ila kesho saa tatu asubuhi uwe umefika kutia sahihi. Usipofika, nafasi anapewa mhasibu mmoja wa Upanga.

Leticia aliinamia hariri yake. Kuongea watu wakisikiliza kulimshinda tangu yuko darasa la kwanza. Lakini habari hiyo aliihitaji. Wiki tatu nyuma, mwanawe Candida, wa miaka miwili na nusu, aliivuta miwani usoni mwake ikaangukia mtaroni. Siku tisa Leticia aliishi bila miwani akisubiri nyingine itengenezwe, akimfuata mtoto kwa kusikiliza sauti. Siku ya nne aliona kitu chekundu, rangi ya gauni la Candida, kinakimbilia barabarani. Alikirukia, akakikamata mkono, akakivuta mpaka ndani huku akikigombeza, ndipo kikalia kwa sauti ya mtoto wa watu. Candida wake alikuwa bado amesimama ukingoni mwa barabara, malori ya mizigo yakimpita, mpaka jirani akambeba na kumleta. Tangu siku hiyo Leticia hakuwa akilala vizuri.

– Kesho saa tatu, – Paskalina alirudia, akaingia ndani kubadili nguo.

Benchini kila mtu alimeza funda moja.

– Waheshimiwa, – Waziri alisema, akimnyooshea Abbasi kikombe, – suala limefika mbele yetu.

– Limefikaje mbele yetu? – Soketi aliuliza. – Si ameambiwa Mama Candida?

– Ameambiwa kwenye eneo letu. Abbasi, jaza. Ajenda ni macho ya Mama Candida. Nafungua mjadala.

– Napinga, – alisema Dokta Sinia.

– Hata hatujaanza, bwana!

– Napinga mapema, msije mkasema nilinyamaza.

– Unapinga kwa sababu watu wakipona macho hilo sinia utarudia kupakulia pilau, – Soketi alisema.

Dokta Sinia alilivuta sinia karibu na tumbo. – Kaka, mimi na macho tuna miaka kumi na moja. Nimepima watu kutoka Buguruni mpaka Feri. 

– Unapimaje?

– Namvalisha, nampa gazeti, namwambia soma. Akisoma, ndiyo yake.

– Na asiyejua kusoma?

– Namwonyesha picha za mpira. Akimtambua golikipa, anaondoka nayo.

– Na huyu Mama Candida? Miaka minne unakaa naye mtaa mmoja, mbona hujawahi kumvalisha?

Dokta Sinia alikohoa. – Namba ya miwani ya yule haiji kwenye mtumba. Wazungu wenye namba ile wakifa wanazikwa nayo.

– Basi tulieni niwape shule, – Soketi alisema, akakunja miguu. – Hapa anayeijua leza ni mimi peke yangu. Ukifungua deki ya CD, humo ndani mna leza. Ile lenzi inapiga mwanga kwenye CD, CD inarudisha picha. Lenzi ikishika vumbi, picha inakwamakwama, mara inaganda. Unafanyaje? Pamba na spiriti. Unafuta, unarudishia, watu wanaangalia filamu zao. Jicho ni hivyo hivyo. Mama Candida lenzi imechafuka tu, hana ugonjwa.

– Kwa hiyo afutwe kwa pamba?

– Pamba ni huduma ndogo. Yeye anahitaji kufunguliwa.

– Na kufungwa tena?

– Kufungwa ni kazi nyepesi. Huwa inabaki skrubu moja, lakini isikutishe. Kila deki niliyofungua skrubu moja ilibaki, na deki ilifanya kazi vile vile.

– Yangu haikufanya, – Abbasi alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alasiri.

Soketi alijifanya hakusikia. Alitoa mfukoni kitochi kidogo cha kuning'iniza funguo, cha aina ile iliyokuwa imejaa mikononi mwa wamachinga mwaka huo, akabonyeza. Kitone chekundu kikaonekana kwenye ukuta wa duka la vitenge. 

– Leza hiyo! Mnaiona? Ikipita kwenye mboni mara tatu, kwaheri miwani. Nani ajitolee?

Kitone kilishuka ukutani, kikatambaa begani mwa Waziri, kikapanda shingoni. Waziri alijirusha pembeni, kahawa ikamwagika kwenye kanzu yake.

– Toa hicho kitu machoni mwa watu, – Abbasi alisema, na kwa kuwa birika lilikuwa mkononi mwake, Soketi alikirudisha mfukoni.

Leticia hakucheka. Aliingiza ushanga, akakaza uzi, akaingiza mwingine, huku sikio lote likiwa benchini. Hakuwaamini. Lakini hawa ndio wanaume waliosoma magazeti, na alitumaini kwamba katikati ya maneno yote hayo lingeanguka neno moja la kweli la kushika kabla ya kesho saa tatu.

– Nyinyi mnaongelea ufundi, – Waziri alisema akijipangusa, – mimi naongelea sera. Jiulizeni swali moja. Kwa nini bure? Kiwanda chetu nacho kilitolewa karibu na bure. Alikuja mwekezaji, akapiga picha gazetini, kabla na baada. Kabla tulikuwa watu mia nne. Baada, pana mlinzi na mbwa.

– Sasa kiwanda na macho wapi na wapi?

– Soketi, wewe huoni mbele. Viwanda vimekwisha, mabenki yamekwisha. Mwananchi amebakiza nini? Viungo vyake. Wameanza na macho. Yule mama akishatia sahihi, jicho linakuwa la ubia. Lake asilimia arobaini na tisa, la mwekezaji hamsini na moja.

– Kwa hiyo ataangalia kwa zamu?

– Ataangalia anachotaka mwenye hisa nyingi. Akipita sokoni haoni dagaa, anaona friji. Hili ndilo soko huria, bwana.

– Na akitaka kufumba?

– Kufumba ni kusimamisha uzalishaji. Anahitaji kibali.

– Afadhali huyo anafumba, – alisema Dokta Sinia, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. – Buguruni kuna jamaa, fundi springi, alipigwa leza nje ya nchi, wakampitiliza. Akikaa kwenye kitanda chake anaona chumba cha mwenye nyumba. Ukuta kwake ni kama chandarua. Mwenye nyumba akampa notisi.

– Anaitwa nani?

– Alishahama.

– Kwani wewe ulimwona?

– Niliona chumba.

Wakati huo msichana wa Kihindi mwenye shalwari ya njano alikuwa amefika kwenye kona, mfuko wa plastiki mkononi.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, binti. Karibu kahawa.

– Ahsante, naomba kikombe kimoja, – alisema. Abbasi akammiminia. Kisha msichana akasogea mpaka mlangoni, akainama na kusema kwa sauti ya chini. – Mambo, dada Leticia. Shangazi kanituma nichukue ile sari ya bi harusi. Na Mihir kaniambia habari yako, nikasema nije mwenyewe.

Leticia aliona kitu cha njano tu, lakini sauti aliijua. Ilikuwa sauti ya Zarna, mpwa wa Bi Urmila. Hawakuwa wameonana tangu Zarna asafirishwe kwenda Bombay mwaka uliopita.

– Karibu, dada, – Leticia alisema kwa sauti ndogo. – Subiri nikukunjie.

Alinyanyuka, akaivaa miwani, akaingia ndani na kuacha pazia likirudi nyuma yake. Candida alikuwa amelala kitandani, kidole mdomoni. Leticia aliichukua sari ya bi harusi kutoka juu ya sanduku na kuanza kuikunja, na kupitia upenyo wa pazia akamwona Zarna amesimama kando ya benchi akipuliza kahawa yake. Uso wake ulikuwa mtupu. Pale puani palipokuwa pakibeba miwani nene kama vitako vya chupa palikuwa na alama mbili hafifu tu za waridi.

Benchi lilikuwa limeshaendelea.

– Twendeni kwenye ushahidi, – Waziri alisema. – Mnamkumbuka yule mpwa wa Bi Urmila? Zarna? Aliyekuwa akipita hapa anagonga benchi halafu analiomba msamaha?

– Namkumbuka sana, – Soketi alisema. – Miwani kama taa za lori.

– Alipelekwa Bombay kupigwa leza hiyo hiyo. Amerudi miezi mitatu sasa. Nani kati yenu amemwona?

Hakuna aliyemwona.

– Mnaona? Kafichwa!

– Lenzi ilipata moto, – alisema Soketi. – Lazima akae gizani. Deki ukiichezesha filamu tatu mfululizo inafanya hivyo hivyo.

– Mimi nilichosikia ni kibaya zaidi, – Dokta Sinia alisema, akashusha sauti ili asikiwe vizuri. – Macho waliyavuta mbele mno. Akiwa jikoni kwao ghorofani anaona pantoni inavyotoka Magogoni, anaona mpaka abiria wangapi. Lakini sahani iliyo mbele yake haioni. Analishwa kwa kijiko.

– Masikini!

– Na mchumba je? – Waziri aliuliza. – Si alikuwa na mchumba?

– Mchumba alikimbia. Alimwangalia mara moja tu, akamwona mpaka mifukoni.

– Binti, – Waziri alimgeukia msichana wa shalwari ya njano, – wewe ni wa jamii ile ile, utatusaidia. Zarna unamfahamu?

– Namfahamu kidogo, – msichana alisema.

– Na haya si ya kweli?

– Endeleeni tu, mzee. Mengine ndiyo kwanza nayasikia.

– Basi, ushahidi umetosha, – Waziri alisema. – Tupige kura. Mama Candida aende kliniki au asiende? Soketi!

– Aende. Ila skrubu wasimhesabie.

– Dokta?

– Asiende, kwa faida ya taifa.

– Mimi kama mwenyekiti napiga kura ya aende na asiende, iundwe kamati. Abbasi, yako ndiyo itaamua.

– Mimi sina kikombe, – Abbasi alisema. – Nina birika.

Kukawa na mabishano kama birika ni zaidi ya kikombe au ni pungufu. Leticia, nyuma ya pazia, aligundua kwamba sari aliyokuwa akiikunja ameikunja mara mbili na kuikunjua mara mbili. Walikuwa wakipigia kura macho yake, na yeye mwenyewe yuko hatua sita, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuuliza mwenye macho anasemaje.

– Samahani, – msichana alisema, akiinua kikombe chake. – Mimi nina kahawa. Naruhusiwa kuuliza?

– Kwa mujibu wa sheria unaruhusiwa, – Waziri alisema.

– Mama Candida anakaa pale kila siku anashona?

– Kila siku. Mvua, jua, anashona. Mwanamke mchapakazi yule.

– Miaka mingapi?

– Minne kamili.

– Akiwa anashona, anavaa miwani au anavua?

Soketi alifungua mdomo haraka. – Anavaa! – Kisha akaukunja uso. – Ngoja. Huwa… Dokta, wewe ndiye mtu wa miwani.

– Anavaa, bila shaka. Mtu kama yule asivae? – Dokta Sinia aliangalia mlangoni, lakini pale palikuwa na mkeka mtupu. – Au huwa anaiweka… Waziri?

Waziri aliangalia ndani ya kikombe chake kwa muda mrefu. – Ni swali zuri, – alisema. – Litajibiwa kikao kijacho.

Leticia alisubiri nyuma ya pazia kama siku ile mwalimu mkuu aliposoma majina ya waliofaulu na yeye akasubiri lake mpaka karatasi ikaisha. Hakuna aliyejua. 

– Lakini, binti, – Soketi alisema ili kubadili mambo, – Zarna wewe unamwonea wapi?

– Kwenye kioo, – Zarna alisema. – Kila nikichana nywele.

Sinia liliteleza magotini kwa Dokta, na miwani ikamwagika chini kwa mlio wa mabati. Waziri alisimama, akakaa, akasimama tena. Soketi alinyoosha kikombe kwa Abbasi ili apate kauli ya kujitetea, na wenzake wakanyoosha vyao. Abbasi aliliinamisha birika. Likatoka tone moja, kisha machicha.

– Kahawa imekwisha, – alisema, akaanza kukusanya vikombe.

Basi hakuna aliyekuwa na kauli. Dakika tano baadaye benchi lilikuwa tupu, na Zarna alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, viatu amevivua.

– Nionyeshe macho, – Leticia alisema. Kwa mtu mmoja mmoja, sauti yake ilikuwepo.

Zarna alimkazia macho makubwa meusi, mekundu kidogo kwenye kingo. – Waliniambia kwenye namba kama zetu hawaahidi. Mwenye namba tatu au nne anatoka pale amepona kabisa. Mimi nilikuwa kumi na moja kama wewe. Nikaamka siku ya pili yake asubuhi, nikaona feni ya darini. Kila bawa. Nililia, dada. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuona feni kabla sijapapasa mezani kutafuta miwani.

– Kwa hiyo umepona.

– Ugonjwa umepungua, tuseme hivyo. Imerudi namba moja na nusu jicho hili. Nikiangalia televisheni navaa miwani, lakini nyembamba. Giza likiingia, taa za magari zina duara kama jua lenye ukungu. Na hizi, – alitoa kwenye mfuko kichupa cha matone, – kila baada ya saa mbili, la sivyo macho yanakwaruza kama yana mchanga. Na daktari alinionya kwamba nyuma ya jicho bado ni jicho la mtu wa namba kumi na moja. Nikiona vimulimuli ghafla, nikimbie hospitali.

– Unajuta?

– Hapana. Mimi nakaa ofisini, na kompyuta iko umbali wa mkono. Lakini wewe… – Zarna alichukua pindo la sari, akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali, akalisogeza tena. – Zamani nilikuwa nikivua miwani nasoma herufi za sonara ndani ya bangili. Unajua ule uonaji?

– Naujua.

– Huo umeondoka. Naona shanga, ndiyo, lakini nikizisogeza karibu hivi macho yanachoka upesi, yanauma. Hakuna aliyenieleza kwamba nilikuwa na kitu cha kupoteza. Wote walikuwa wakiniambia nina kasoro tu.

Candida aliamka akalia, na Leticia akaingia kumchukua. Alipotoka, Zarna alikuwa amesimama na mzigo wake wa sari.

– Mihir ni binamu yangu, – Zarna alisema. – Si mtu mbaya, ila ana haraka ya gazeti. Uliza kabla ya kutia sahihi. 

Asubuhi yake, saa tatu kasorobo, Leticia alimfunga Candida mgongoni kwa kanga, akatoka. Alipofika kliniki, ngazi zilikuwa zimefungwa riboni, na Mihir alikuwa mlangoni na tai mpya, pembeni yake mpiga picha wa gazeti. Fomu ilikuwa imeshawekwa mezani na kalamu juu yake.

– Karibu, mama! Sahihi hapa, kisha picha ya kabla.

– Naomba kupimwa kwanza, – Leticia alisema.

Ilisikika kidogo sana, ikabidi arudie. Mihir aliangalia saa yake, kisha akampeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye nywele nyeupe, ambaye naye alivaa miwani. Alimpima kwa mashine ya kwanza, akampima kwa ya pili, akaandika, akapima tena.

– Inawezekana, – alisema mwishoni. – Lakini kwa namba hii nitapunguza kioo cha jicho karibu mpaka mwisho wa ninachoruhusiwa. Mbali utaona vizuri zaidi kuliko sasa bila miwani. Siwezi kukuahidi kwamba hutavaa miwani tena. Una swali?

Leticia alivua miwani. Alitoa kwenye kibeti kipande cha hariri alichokuwa amekishonea ua dogo la shanga, akakileta karibu na pua, akachomoa sindano, akaongeza ushanga mmoja katikati ya ua, akakata uzi kwa meno. Kisha akamkabidhi daktari. Daktari alikiangalia, akafungua droo, akachukua lenzi ya kukuzia, akakiangalia tena.

– Hiki nitakiona? – Leticia aliuliza.

– Kama unavyokiona sasa? – Daktari aliweka lenzi chini. – Hapana, mama. Na hakuna aliyeniambia kwamba hii ndiyo kazi yako.

– Shida yangu si hii miwani, – Leticia alisema polepole, maneno yakija moja moja. – Shida yangu ni siku miwani ikivunjika. Nina mtoto, na nyumba iko barabarani. Hapa mnatengeneza miwani?

– Tunatengeneza.

– Basi naomba miwani mbili. Moja ya kuvaa na moja ya kufungia kabatini.

Mihir, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa. Alisema gazeti limekuja kwa ajili ya leza, alisema riboni, alisema Jumamosi. Daktari alikuwa ameshainama anaandika namba, jicho la kulia, jicho la kushoto. Walibishana kwa Kigujarati, na mwisho Mihir akanywea.

– Sawa, mbili, bure, – alisema. – Lakini picha ipigwe. Gazeti haliwezi kurudi mikono mitupu. Ukurasa utasema kliniki inajali akina mama.

Walimkalisha kwenye kiti kando ya mashine ya leza, iliyokuwa bado na plastiki yake. Candida alikaa magotini. Mpiga picha alipiga goti, akaangalia kwenye kamera, akatikisa kichwa.

– Mama, vua miwani kidogo. Inarudisha mwanga, macho hayaonekani.

Leticia alimkaza mwanawe kiunoni, akainua uso.

– Nikiivua sitakuona, – alisema. – Piga hivi hivi.